Jua Halichomi Jicho, Hulipausha

Msomaji wetu wa Sakania anauliza: tarehe 21 Juni 2001, jua lilipopatwa, watoto wengi walilikodolea macho matupu na hakuna aliyelalamika maumivu. Je, kweli linadhuru?

Linadhuru. Siku ile jua lilifunikwa lote Lusaka, mnamo saa tisa alasiri, kwa dakika tatu na ushei. Sakania, ng'ambo ya mpaka, lilibaki kipande. Jinsi mwezi unavyokaa kati ya jua na dunia tulifundishwa shuleni. Tuingie ndani ya jicho.

Nyuma ya jicho kuna retina, utando unaopokea mwanga. Anayelitazama jua huchorewa hapo sura ya jua hilo, upana wa takriban milimita 0.16, palepale katikati tunapotumia kusomea na kutambua nyuso. Wengi hudhani panaungua. Sivyo: joto hupanda digrii chache tu, maana damu ipitayo nyuma ya retina huliondoa.

Tazama kitenge kilichosahaulika kambani. Kimepauka, lakini hakikuungua. Pasi ya makaa ina moto kuliko jua la kambani, na bado hailingani nalo kwa kula rangi. Anayekula rangi ni mwanga wenyewe, hasa wa buluu na urujuanimno, unaovunja viungo vya kemikali kimoja kimoja; madhara hujumlishana kimyakimya. Tena upande ulioelekea jua ndio unaopauka, na mkunjo wa ndani hubaki na rangi yake kali. Retina nayo hivyohivyo. Mwanga huzalisha oksijeni kali ndani ya seli, nayo hushambulia mafuta ya kuta zake, pale tu sura ya jua ilipotua. Mwaka 2017 madaktari wa New York walipiga picha retina ya mwanamke aliyetazama jua likipatwa, wakakuta seli zilizoharibika zimejipanga kwa umbo la hilali.

Retina haina neva za maumivu. Doa katika uoni huonekana baada ya saa kadhaa, pengine kesho yake asubuhi. Baadhi hupona baada ya miezi. Dawa iliyothibitishwa hakuna.

Jua likipatwa, giza hulegeza kope na kupanua mboni, ilhali kipande kilichobaki hakijapunguza ukali. Na lenzi ya mtoto, kwa kuwa ni angavu, hupitisha mwanga wa buluu kuliko ya mtu mzima.

Tarehe 25 Novemba 2030 jua litafunikwa lote Namibia, Botswana na Afrika Kusini. Kwetu litafunikwa sehemu tu, kwa hiyo hakuna hata sekunde moja ya kulitazama kwa macho matupu. Miwani ya kawaida ya jua, picha za eksirei, kioo cha masizi na beseni la maji havikingi. Tumieni miwani yenye alama ya ISO 12312-2 isiyo na mikwaruzo, au kioo cha kuchomelea namba 14. Namba 10 ya gereji haitoshi. Watoto wasimame chini ya mwembe, mgongo kwa jua: kila upenyo wa majani utawachorea hilali ardhini, na hiyo waitazame watakavyo.