Marimba ya Vidole: Kuunda Kichezeo cha Muziki Nyumbani Mtaani Eastleigh

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Methali hii aghalabu husemwa kuhusu ngoma, ila inamhusu pia mtoto na kichezeo chake, kwani mtoto huucheza vyema wimbo aliousikia kwao. Katika mtaa wa Eastleigh, ambao wakazi wengi wa Nairobi huuita Islii, neno "kwao" lina mapana yake. Ploti moja huweza kuwa na Wasomali, Waoromo, Wakamba, Wakikuyu na Waswahili, na watoto wao wote hucheza pamoja kwenye ngazi na juu ya paa, maana viwanja ni haba. Maduka ya mtaa huo yaliongezeka kwa kasi baada ya nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge kugeuzwa soko mwanzoni mwa miaka ya 1990, na miongoni mwa bidhaa zake ni vichezeo vya betri kutoka ng'ambo. Vichezeo hivyo huimba wimbo uliokwisha kupangwa kiwandani. Betri ikiisha, wimbo nao umekwisha. Makala haya yanaeleza namna ya kuunda kichezeo cha mbao ambacho hakina wimbo wake chenyewe, hivyo kila mtoto anaweza kukifunza wimbo wa kwao.

Kwanza ni vyema kulifafanua jina. Katika Kiswahili, neno marimba hutumiwa kwa ala mbili: ile ya vipande vya mbao vinavyogongwa kwa vijiti, na ile ya ndimi za chuma zinazobonyezwa kwa vidole gumba. Ala inayozungumziwa hapa ni hii ya pili. Wagogo wa Dodoma huiita ilimba, na msanii wao mashuhuri, Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha katika majukwaa ya Ulaya na Marekani. Katika miaka ya 1950, Hugh Tracey alianza kuiunda kwa ajili ya biashara huko Afrika Kusini kwa jina la kalimba. Msomi wa isimu ataona mara moja kuwa mzizi ni mmoja, na kwamba kiambishi ka- ni kile cha udogo kinachopatikana katika lugha nyingi za Kibantu.

Vifaa vinavyohitajika si vya gharama kubwa. Vipande vya mbao za saiprasi hupatikana katika soko la Gikomba, ambalo haliko mbali na Eastleigh. Ndimi hutengenezwa kwa spoki kuukuu za baiskeli, kwa kuwa chuma chake hupindwa kidogo kisha kikajirudi. Msumari wa kawaida ni laini mno. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, ambao kazi yao ya kila siku ni kufua vyuma, wanaweza kuzigonga spoki hizo zikawa bapa, kila moja ikiwa na unene wa takriban milimita 1. Zaidi ya hayo huhitajika msumeno, keekee, tupa, msasa, gundi ya mbao na skrubu tatu.

Kazi huanza kwa kisanduku chenye urefu wa sentimita 18, upana wa sentimita 12 na kina cha sentimita 4. Ubao wa juu uwe mwembamba, usizidi milimita 8, kwa sababu ndio unaotetema na kuikuza sauti; ubao mnene huimeza. Tundu la upana wa sentimita 2 na nusu hutobolewa katikati ya ubao huo. Karibu na ukingo mmoja wa kisanduku, hubandikwa vijiti viwili vya mbao ngumu vilivyolazwa sambamba, kimoja nyuma ya kingine, vikiachana kwa sentimita 3. Vijiti hivi ndivyo madaraja. Ndimi hulazwa juu ya madaraja yote mawili, ncha zake zikielekea kwenye tundu, kisha kijiti cha tatu, yaani kibanio, huwekwa juu yake katikati ya madaraja na kukazwa kwa skrubu. Ncha hizo hubaki zikining'inia hewani zikisubiri kubonyezwa.

Hatua inayowashinda wengi ni kupima ndimi. Anayejua gita hudhani kuwa akiukata ulimi nusu atapata sauti ile ile ya juu, kama inavyokuwa kwa waya. Sivyo. Idadi ya mitetemo ya ulimi ulioshikwa upande mmoja hubadilika kwa kipeo cha pili cha urefu wake: ukipunguzwa hadi nusu, mitetemo huwa mara nne, na sauti hupanda oktavu mbili. Kwa hiyo tofauti ya milimita chache ni kubwa. Ikiwa sehemu inayoning'inia ya ulimi wa kwanza ni milimita 60, nyingine tano ziwe na milimita 57, 54, 49, 46 na 42. Hizo ndizo do, re, mi, so, la na do ya juu. Kila ulimi ukatwe kwa urefu wa sentimita 10 ili ibaki nafasi ya kuusogeza. Ule mrefu hukaa katikati, unaofuata kulia kwake, wa tatu kushoto, na kuendelea hivyo hadi pembeni, ili vidole gumba vipokezane.

Vipimo hivi ni mwanzo tu, maana nyundo haigongi sawasawa kila mahali. Sikio ndilo hukamilisha. Ulimi ukisukumwa nyuma kidogo, sauti hupanda. Ukivutwa mbele, hushuka. Kazi hii ifanywe pamoja na mtoto: mzazi aimbe, mtoto asikilize na kusema kama zinalingana.

Uteuzi wa sauti tano, huku do ikirudiwa juu, haukufanywa kwa bahati nasibu. Nyimbo nyingi za Kisomali hujengwa juu ya ngazi ya sauti tano, na vivyo hivyo nyingi za Waoromo na za jamii kadhaa za Kenya. Isitoshe, katika ngazi hii hakuna sauti mbili zinazokwaruzana, kwa hiyo hata mtoto anayebonyeza ovyo hupata kitu cha kusikilizika. Sauti ya marimba hii pia ni ya upole, jambo lisilo dogo katika jengo ambalo ukuta wa jirani mmoja ndio ukuta wa mwingine.

Pamoja na hayo, usalama haupaswi kupuuzwa. Ncha za ndimi zisuguliwe kwa tupa hadi ziwe mviringo. Mbao za paleti, ambazo hufika na mizigo ya maduka, zichunguzwe mihuri yake: herufi HT huonyesha kuwa mbao zilitibiwa kwa joto, ilhali MB ni za dawa ya sumu na hazifai kichezeo. Rangi kuukuu huenda ina madini ya risasi. Nta ya nyuki yatosha. Aidha, mzazi mwenye asili ya Pwani huenda akatamani kutia mbegu kisandukuni ili kilie kama kayamba. Asitie turituri, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, kwa kuwa mbegu moja ikitafunwa inaweza kumuua mtoto. Punje za mtama zatosha, na kifuniko kigandishwe imara.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumiwa rasmi katika shule za Kenya mwaka 2019, unawahimiza wanafunzi kuunda ala kwa vitu vinavyopatikana katika mazingira yao. Mazingira ya Eastleigh yana mbao, yana spoki na yana mafundi. Zaidi ya yote, yana nyimbo za lugha nyingi ambazo akina mama na akina nyanya wangali wanazikumbuka. Mtoto wa Kisomali na jirani yake wa Kikamba wakiketi ngazini na marimba moja, kila mmoja atakuwa na wimbo wa kumfunza mwenzake, na ndimi zile zile sita zitawatosha wote wawili.