Sura ya Nne: Jina Linalosema Mwenyewe Asipokuwapo

Methali isemayo kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza imewalea wanawake wengi wenye kazi nzuri za mikono, na ndani yake mna ukweli ambao mfanyabiashara hapaswi kuudharau, kwa kuwa hakuna nembo wala rangi ya kifungashio iliyowahi kuifanya sabuni mbovu itoe povu. Hata hivyo, methali hiyo inalifaa zaidi soko la ana kwa ana, ambako mnunuzi aliupapasa mkeka kwa mkono wake, akaunusa udi kabla ya kuulipia, na mara nyingi akamjua aliyeufanya, jamaa zake na mtaa wake. Katika soko la namna hiyo muuzaji mwenyewe ndiye dhamana ya bidhaa yake, na mteja asiyeridhika hujua mlango wa kubisha. Mambo hubadilika siku ambayo bidhaa inasafiri peke yake, inapowekwa kwenye rafu ya duka la mtu mwingine au kupakiwa katika basi la kwenda mkoa ambao mtengenezaji hajawahi kuukanyaga, kwa sababu hapo uzuri umefungwa ndani ya karatasi na aliyeufanya hayupo kuueleza. Kinachobaki kusema kwa niaba yake ni chapa.

Chapa, kwa maana inayotumika katika sura hii, ni jumla ya mambo yanayomwezesha mtu kuitambua bidhaa na kuiamini pasipo kumwona aliyeitengeneza, yakiwemo jina, rangi, harufu, umbo la kifungashio, namna wateja wanavyohudumiwa, na kumbukumbu ya mara ya mwisho bidhaa hiyo ilipotumika. Nembo, yaani mchoro au maandishi maalumu yanayowakilisha biashara, ni sehemu ndogo tu ya chapa, kama uso ulivyo sehemu tu ya mtu. Neno lenyewe linafundisha jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama: kupiga chapa ni kugonga alama ile ile mara nyingi kutoka katika kibao kimoja, na fundi wa kazi hiyo husifiwa nakala ya mia inapofanana na ya kwanza. Kufanana huko ndiko kiini cha somo zima, na kutarejewa mbele.

Wanawake wa mwambao wa Afrika Mashariki hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, kwa kuwa vazi lao la kila siku lina mafunzo ya chapa yaliyodumu kwa zaidi ya miaka 100. Kanga, ambayo Mombasa na Lamu huitwa leso, ilianza kuchukua sura yake katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakati wanawake walipokuwa wakiunganisha vitambaa vya mkononi vya mraba, vilivyojulikana kwa neno la Kireno lililozaa leso, na kuvishona pamoja vikawa vazi moja pana. Wafanyabiashara waliona kile walichokibuni wanawake hao, wakaagiza vitambaa vilivyochapwa tayari kwa upana huo, na baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, yakaongezwa maneno ya Kiswahili chini ya mji, yaani uwanja wa kati unaozungukwa na pindo. Maneno hayo huitwa jina la kanga, na mwanamke aliyependezwa na rangi lakini akaudhiwa na jina huirudisha kanga dukani bila kusita. Ni vema ikumbukwe kwamba ubunifu wa kwanza ulikuwa wa wanawake wenyewe, na kwamba hakuna hata mmoja wao ambaye jina lake limehifadhiwa. Jina lililohifadhiwa ni la mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana pia kama Abdulla, ambaye kanga zake zilibeba herufi za K.H.E. na maneno “Mali ya Abdulla”, nazo hadi leo hutafutwa na wanunuzi wanaoamini kuwa alama hiyo ni ushahidi wa pamba nzuri na rangi isiyochuja. Kwa kuliandika jina lake pembeni mwa kila kipande, alivuna imani iliyoishi muda mrefu kuliko yeye.

Kanga ina fundisho la pili, tena lililo karibu zaidi na moyo wa mwanamke mbunifu. Malezi mengi ya mwambao na ya bara humhimiza mwanamke awe na staha, asijisifu wala asijinadi, na wapo mafundi hodari wanaokosa wateja kwa sababu tu kusema “kazi yangu ni nzuri” huwakwama kooni. Mwanamke aliyevaa kanga alilitatua jambo hilo zamani, kwa kuwa alipita kimya huku nguo ikisema kila alichokusudia kisikike, iwe ni mapenzi, onyo au shukrani, na hakuna aliyeweza kumshtaki kwa kukosa adabu. Chapa iliyofikiriwa vizuri humfanyia mwenye biashara kazi hiyo hiyo. Lebo inayoeleza kwamba mkeka umesukwa kwa ukindu uliotiwa rangi kwa kuchemshwa, na kwamba umechukua majuma kadhaa tangu kuchana majani, kusuka ukili mrefu hadi kuushona, haijigambi hata kidogo, kwani inampa mnunuzi habari anayoihitaji ili aelewe bei. Staha haimlazimu mtu kuficha kazi yake, na mwanamke anayeandika jina lake juu ya alichokitengeneza hajamvunjia heshima yeyote.

Gharama ya kutokuwa na jina huonekana waziwazi katika historia ya mwani wa Zanzibar. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Unguja mwaka 1989 katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani, na kwa muda mfupi kikawa kazi ya wanawake kwa sehemu kubwa, ambao hufunga vipando kwenye kamba na kuzikaza kwa vigingi majini wakati wa maji kupwa. Mwani mkavu husafirishwa nje ili utolewe karajini, kitu cha kugandisha kinachotiwa katika vyakula, dawa ya meno na vipodozi, lakini mkulima aliyeuza magunia hakuwa na sauti katika bei, kwa sababu mwani wa kijiji kimoja haukutofautishwa na wa kingine wala na ule wa nchi nyingine. Maji ya bahari yalipozidi joto na aina iitwayo kotoni, yenye bei bora, ikaanza kufa, wakulima walibaki na aina ya spinosamu yenye bei ndogo zaidi. Kuanzia mwaka 2006, kupitia mpango ulioshirikisha wakulima na watafiti akiwemo Dkt. Flower Msuya, vikundi vya wanawake vilijifunza kusaga mwani na kuutia katika sabuni pamoja na mafuta ya nazi na viungo vya visiwani. Mwani ni ule ule na bahari ni ile ile, lakini kipande cha sabuni chenye harufu ya karafuu na jina lililoandikwa juu yake kinaweza kutofautishwa na kingine, na kwa hiyo mwenyewe anaweza kukipangia bei. Malighafi hupangiwa bei na mnunuzi, ilhali bidhaa yenye jina humpa mtengenezaji nafasi ya kutaja yake kwanza.

Uchaguzi wa jina unastahili muda mrefu kuliko unavyopewa kwa kawaida. Jina linaloeleza bidhaa tu, kama vile “Sabuni Bora” au “Vikapu Vizuri”, ni rahisi kueleweka lakini ni gumu kumilikiwa, kwa kuwa sheria za alama za biashara karibu kila mahali hukataa kumpa mtu mmoja neno ambalo wafanyabiashara wote wanalihitaji. Kanuni hiyo iliwahi kuwalinda watu wa Afrika Mashariki wenyewe: mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili huko neno “Kikoy” liwe alama yake, jambo ambalo lingewatatiza wauzaji wa kikoi kutoka Kenya katika soko hilo, lakini ombi hilo lilipingwa na halikufaulu. Kwa upande mwingine, jina lenye maana kwa njia ya mzunguko huingia moyoni na huweza kulindwa. Karakana ya shanga za udongo iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1975 na Susan Wood, ikiwa na wanawake wawili tu, iliitwa Kazuri, yaani kitu kidogo kilicho kizuri, na neno hilo fupi la Kiswahili, ambalo hata mgeni hulitamka bila shida, limetosha kuzibeba shanga hizo hadi nchi za mbali. Jina la mtu binafsi nalo lina nguvu yake, hasa kwa mishono na mapishi, ila litazamwe pia kwa jicho la mrithi au mshirika atakayeingia baadaye.

Kuhusu usajili, kosa linalorudiwa mara nyingi ni kudhani kwamba kusajili jina la biashara ni sawa na kumiliki chapa. Jina la biashara ni lile ambalo mtu au kampuni hutumia kufanyia shughuli zake, na Tanzania Bara husajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Alama ya biashara, ambayo ni neno au mchoro unaotofautisha bidhaa za mtu mmoja na za mwingine, husajiliwa kwa ombi jingine, na ndiyo inayompa mwenyewe haki ya kumzuia mwigaji. Kwa Tanzania Bara, sheria ya mwaka 1986 huilinda alama kwa miaka 7 ya mwanzo na kisha kwa vipindi vya miaka 10 kila inapohuishwa, na kwa Kenya, ambako kazi hiyo hufanywa na taasisi ya mali za viwanda iitwayo KIPI, kila kipindi ni miaka 10. Usajili wa Bara hauvuki bahari, kwa hiyo mwenye wateja Unguja na Pemba hulazimika kusajili Zanzibar pia. Alama za ubora, kama zile za TBS na KEBS, yaani mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, ni jambo la tatu kabisa, maana zinathibitisha viwango vya bidhaa na hazimpi mtu umiliki wa jina.

Bei ni sehemu ya chapa, ingawa vitabu vingi huitenga, na hapa ndipo wanawake wabunifu wanapojidhulumu zaidi. Chukuliwe mfano wa kukadiria: vipande 40 vya sabuni vimetumia malighafi za shilingi 60,000, vifungashio vya 8,000 na nauli ya 4,000, jumla 72,000, ambazo ni shilingi 1,800 kwa kipande. Akiuza kwa 2,000, mtengenezaji huhesabu faida ya 200 kwa kipande, yaani 8,000 kwa vipande vyote. Lakini kazi hiyo ilimchukua siku 2, na kama ujira wa siku ni 10,000, gharama halisi ni 92,000, yaani 2,300 kwa kipande, kwa hiyo kila mteja anayemshukuru ameondoka na shilingi 300 za jasho lake, na zile 8,000 alizoziita faida hazifikii hata nusu ya ujira wa fundi ambaye angemwajiri. Kazi ya mikono ya mwanamke imezoeleka kuhesabiwa kama pumzi, kitu kinachotoka bure, na mazoea hayo yanaumiza. Bei inayolipa mkono wa fundi humwezesha kununua mafuta yale yale mwezi ujao, badala ya kutafuta ya rahisi na kuharibu alichokwisha kukijenga.

Hapo ndipo kufanana kwa nakala kunaporejea. Mteja husamehe lebo iliyopinda, lakini ni nadra kusamehe sabuni iliyokuwa ngumu mwezi uliopita na ikawa laini mwezi huu, kwa sababu huona kwamba aliahidiwa kitu na akapewa kingine. Fundi anayepima kwa kukadiria anaweza kufanikiwa akiwa peke yake, lakini siku atakapomwajiri msaidizi, au atakapougua, vipimo vilivyokaa kichwani mwake vitakosekana karakanani. Mizani ya jikoni, daftari lenye tarehe, uzito wa kila kitu na muda wa kukausha, pamoja na kipande kimoja cha kila pishi kilichohifadhiwa kando kikiwa na namba yake, havimgharimu fedha nyingi, na mteja anapolalamika miezi 3 baadaye, kipande hicho hutolewa rafuni kikalinganishwa na kile alichokileta mkononi.