Gari la Dizeli Linalokataa Kuwaka Asubuhi

Saa kumi na moja alfajiri, katika mwezi wa Julai, ukungu hulala juu ya mashamba ya Kinangop na baridi huuma vidole. Maziwa yamekwisha kukamuliwa na mikebe imekwisha kupakiwa garini. Mwenye gari huzungusha ufunguo. Stata hulia, injini hukohoa mara mbili tatu, gari zima hutetemeka kama mtu mwenye homa, na moshi mweupe hujaa uani. Pengine huwaka baada ya dakika kumi. Pengine betri hufa kwanza. Nayo maziwa hayamngoji mtu: yakichelewa kufika kwenye mtambo wa kupozea hukataliwa, na kazi yote ya asubuhi huwa bure.

Mara nyingi gari lenyewe ni Toyota HiAce la zamani, lenye injini ya dizeli ya aina ya 2L, 3L au 5L. Wengi wapatwao na taabu hii hukimbilia kununua injini nyingine, au humwachia fundi aifungue yote. Huko ni kupoteza fedha. Mara nyingi ugonjwa ni mdogo, na mtu mwenye subira aweza kuutafuta mwenyewe kwa taa ya kujaribia, spana chache na kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani.

KWA NINI BARIDI HUISUMBUA DIZELI

Injini ya namna hii, ambayo Mjerumani Rudolf Diesel aliionyesha ikifanya kazi mwaka 1897, haina plagi za cheche. Pistoni huikandamiza hewa mpaka ibaki kama sehemu moja tu ya ishirini na mbili. Hewa iliyobanwa hivyo hupata joto kubwa, na dizeli ikinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Lakini chuma kikiwa baridi hulinyang'anya hewa joto lake. Tena juu ya mita 2,400 hewa ni nyepesi, karibu robo tatu tu ya ile ya Mombasa. Kwa hiyo gari lililonunuliwa pwani laweza kuonekana zima kabisa, kumbe ugonjwa umefichwa na joto la huko. Ili kuisaidia injini baridi, kila silinda imewekewa hita plagi, ambayo ncha yake huwa nyekundu kwa joto kabla ya stata kuzungushwa.

MOSHI NI SHAHIDI

Kabla ya kushika spana, mtu na asimame nyuma ya gari autazame moshi. Ikiwa stata inazunguka na hapana moshi wowote, dizeli haifiki kwenye silinda. Moshi mweupe maana yake dizeli inafika lakini haiungui. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni dizeli iliyozidi hewa. Hapo filta ya hewa itazamwe kwanza.

BETRI KWANZA

Stata ikizunguka polepole, hewa huvuja kando ya pistoni na joto hupotea. Betri nzima iliyopumzika huonyesha kama volti 12.6, ikishuka chini ya 10 wakati wa kuzungusha stata, yafaa ipimwe. Lakini kabla ya kununua nyingine, vichwa vyake visuguliwe, na waya mnene uendao kutoka injini mpaka bodi ukazwe. Kutu kidogo mahali hapo imewadanganya wengi.

HITA PLAGI

Taa ya hita iliyoko mbele ya dereva ikizimika si ushahidi kwamba plagi zimepata joto. Taa hiyo hufuata muda tu. Ufunguo ufunguliwe, na taa ya kujaribia iguswe kwenye ubao wa chuma unaoziunganisha plagi zote. Isipowaka, fyuzi au rilei ina kosa. Ikiwaka, ufunguo ufungwe na ubao huo uondolewe. Kisha taa ifungwe kwenye upande wa chanya wa betri, na ncha yake iguse kila plagi kwa zamu. Plagi ambayo taa haiwaki imekufa. Gari lenye plagi moja au mbili zilizokufa hutetemeka na kutoa moshi mweupe kwa dakika chache, kisha hutulia injini ipatapo joto. Ni vema kubadilisha zote nne pamoja, na kutazama volti zilizoandikwa juu yake, kwa maana plagi ya volti zisizofaa huungua upesi au haipati joto la kutosha.

HEWA KATIKA MAFUTA

Ikiwa gari huwaka, likaenda kwa sekunde chache kisha likazimika, au huwaka vizuri baada ya kupampu kwa mkono juu ya filta, dizeli imerudi kwenye tangi usiku na hewa imeingia mahali pake. Mara nyingi taabu huzidi gari likilazwa limeelekea mlimani. Hapo ule mpira mweupe ufungwe kati ya filta na pampu. Mapovu yakionekana, mipira iliyopasuka, klipu zilizolegea na ile pampu ya mkono yenyewe zichunguzwe. Maji yaliyo chini ya filta nayo yamwagwe.

NOZELI NA INJINI YENYEWE

Ikiwa hayo yote ni mazima na silinda moja bado inagonga, nozeli zipelekwe kwa fundi wa pampu azipime kwa mashine. Mtu asiweke kidole mbele ya nozeli inayonyunyiza: nguvu yake hupenya ngozi na kutia sumu mwilini. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa pia huharibu pampu, kwa sababu pampu hulainishwa na dizeli hiyohiyo. Mchanganyiko huo ulienea hata serikali ya Kenya ikatoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuuzuia.

Mwisho kabisa fundi apime mkandamizo wa kila silinda, nafasi za vali na majira ya pampu. Hapo ndipo yafaa kuzungumza juu ya kufungua injini, wala si kabla.

Yako mambo mawili ya kuepuka. Dawa ya kupuliza ya kuwashia injini isitumiwe katika injini yenye hita plagi: yaweza kulipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni. Wala moto usiwashwe chini ya gari, kwani oili na dizeli zilizovuja hazingoji.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Plagi iliyokufa hubadilishwa kwa jioni moja. Lakini gari linalolazimishwa kila asubuhi humaliza betri, kisha stata, na siku moja humwacha mwenyewe njiani na mikebe yake, jua likipanda.