Ugirikini Upepo Ungalipo, Vyombo Vinatoweka

WASOMAJI wetu wa mwambao wakisikia habari ya safari ya starehe baharini, aghalabu huwajia picha ya zile meli kubwa mithili ya mtaa mzima, zinazoingia Kilindini zikiwa na maduka na vidimbwi vya kuogelea ndani yake. Safari ninayokusudia kuwasimulia si ya namna hiyo. Ni safari ya chombo kidogo cha tanga, watu sita ndani yake, kikitoka kisiwa hadi kisiwa katika bahari ya Ugiriki, nchi ambayo vitabu vya Kiarabu huiita Yunani. Mchana tulikwenda kwa upepo, jioni tukitia nanga katika hori zilizotulia na kulala mumo humo chomboni.

Tuling'oa nanga katika bandari ya Mandraki, kisiwani Rhodes, mwezi wa Septemba. Mwislamu afikapo bandari hiyo hawezi kupita asisimame kidogo, kwani hatua chache kutoka majini kuna makaburi ya kale ya Waislamu, na miongoni mwao ni kaburi la Murad Reis, amiri wa jeshi la majini la Waturuki aliyefariki mwaka 1609. Rhodes ilitekwa na Sultani Suleiman mwaka 1522, ikakaa mikononi mwa Waturuki hadi Wataliana walipoichukua mwaka 1912. Ndani ya mji wa kale kuna maktaba iliyoanzishwa mwaka 1793 na Hafidh Ahmed Agha, yenye vitabu vilivyoandikwa kwa mkono kwa Kiarabu, Kiajemi na Kituruki.

Mwaka 1923, Waislamu wengi wa Ugiriki walipohamishiwa Uturuki, na Wakristo wa Uturuki wakaletwa Ugiriki, Waislamu wa Rhodes na Kos hawakuguswa, kwa kuwa visiwa vyao vilikuwa chini ya Utaliana. Kizazi chao kingaliko hadi leo.

UPEPO WA MSIMU

Kutoka Rhodes hadi kisiwa cha Symi ni karibu maili 25 za baharini. Boti ya mashine huzikata kwa muda mfupi. Sisi zilituchukua siku nzima, na hakuna aliyelalamika. Upepo wenyewe huitwa meltemi. Huvuma kutoka kaskazini wakati wa joto, mbingu ikiwa safi haina hata wingu, na nguvu zake hasa ni Julai na Agosti. Mara nyingi huamka pamoja na jua, hushika kasi alasiri, na magharibi hulegea. Nahodha asiyetaka taabu huondoka alfajiri, na kabla ya laasiri huwa amekwisha tia nanga.

Wagiriki wa kale waliuita upepo huo kwa jina lenye maana ya upepo wa kila mwaka. Nikalikumbuka neno letu msimu, ambalo asili yake ni Kiarabu, nalo maana yake ni majira yanayorejea. Wao na sisi hatukuulizana, lakini sote tuliujua upepo kwa ahadi yake ya kurudi.

Lipo jambo moja ambalo baharia wa Mombasa litamshangaza. Bahari ile karibu haipwi wala haijai. Kwetu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kule tofauti ni shibiri moja au mbili tu. Ukifunga chombo gatini jioni, asubuhi utakikuta palepale kimo kilekile. Ndiyo sababu mikahawa imejengwa hadi ukingoni, mtu akala pweza wake mawimbi yakimrushia matone miguuni. Na pweza huyo, kama wetu, hupigwapigwa juu ya jiwe mpaka alainike, kisha huanikwa kambani juani. Lakini kwa kuwa maji hayapwi, chombo nacho hakiwezi kupwelewa mchangani kikapakwa deheni. Lazima kivutwe nchi kavu.

Kutia nanga nako kuna adabu yake. Nahodha hutafuta mchanga mweupe. Akiona weusi chini ya maji hujua ni majani ya bahari, ambayo nanga huyateleza, na ambayo sheria inayalinda kwa kuwa ni makao na mazalio ya samaki. Hutoa mnyororo mara nne au tano ya kina cha maji, kisha hurudisha chombo nyuma taratibu mpaka nanga iume.

Katika ghuba ya Panormitis, upande wa kusini wa Symi, milima imezunguka maji kama kingo za bakuli, na mlango wake ni mwembamba. Nje upepo ulikuwa ukinguruma. Ndani maji yalitulia hata nyota zikaonekana humo.

NENO MOJA, BAHARI MBILI

Mji wa Symi, mwanzoni mwa karne ya 20, ulikuwa na watu zaidi ya 20,000, ukiishi kwa kuunda vyombo na kuzamia sifongo. Leo kisiwa kizima hakifikishi watu 3,000. Karibu na bandari, mahali paitwapo Harani, pangali na uwanja wa mafundi. Nilimkuta mzee mmoja akishindilia pamba katika maungo ya mbao kwa patasi na nyundo. Nikamwuliza, kwa Kiingereza changu na ishara za mikono, kazi ile waiitaje. Akajibu: "Kalafatisma."

Nikamwambia kwetu Lamu na Mombasa twaiita kalafati. Aliliweka chini nyundo lake akacheka, akanishika mkono kama ndugu aliyepotea.

Mzee huyo alikuwa akitengeneza trehandiri, chombo kilichochongoka mbele na nyuma kama dau letu. Vyombo vya namna hiyo vilijaa visiwani mote. Kisha, tangu miaka ya 1990, Umoja wa Ulaya ulipoona samaki wanapungua, ulianza kuwalipa wavuvi waache uvuvi. Mvuvi aliirejesha leseni yake, na ili apate fedha, mara nyingi chombo chenyewe kilivunjwa. Tingatinga liliinua mkono wake wa chuma likakiponda, mkuku, mataruma na yote, mwenyewe akitazama. Vyombo vya mbao zaidi ya 10,000 viliangamia hivyo.

Sitamlaumu mvuvi mzee ambaye wanawe wamekwenda kutafuta kazi Athens, naye akaletewa fedha mlangoni. Wala nia ya kuwahifadhi samaki haikuwa mbaya. Lakini samaki hahifadhiwi kwa kuua ufundi. Chombo kingeweza kunyimwa leseni ya kuvua na bado kikaachwa kibebe wageni. Katika bandari zote tulizolala, mashua za faibaglasi zilipangana ubavu kwa ubavu, nasi tulikuwa ndani ya mojawapo. Vya mbao vilihesabika kwa vidole. Watu wa kale wa bahari wameviponda vyombo vyao, na wageni sasa wanalipa kupanda vya kiwandani katika upepo uleule.

Nasi wa mwambao tusicheke. Tulikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za mnazi bila msumari hata mmoja. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita mtepe ulitoweka, na hakuna serikali iliyotulipa tuuache. Tuliuacha wenyewe, kidogo kidogo, hadi fundi wa mwisho akaenda na ujuzi wake. Leo majahazi yangaliko, na Matondoni shoka na tezo zingali zasikika. Lakini ukiwauliza mafundi ni nani anayejifunza kazi kwao, huenda jibu lisikupendeze.

Mwenye mtoto na ampeleke akaone chombo kikiundwa, ajue mkuku ni upi, taruma ni lipi, na kalafati hushindiliwaje. Kaskazi itarudi Disemba kama desturi yake, haijali kama tuna tanga la kuipokea au hatuna.