Mashahidi Wawili wa Mlipuko Mmoja wa Nyota

Mara kwa mara waamini hunionyesha katika simu picha za mwanga angani, wakiuliza kwa hofu kama ni ishara ya mwisho. Napenda kuwajibu kwa kisa kilichoanzia pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei za angani, ambazo hewa ya dunia huzizuia zisitufikie. Iliorodhesha vyanzo 339. Mwaka 1975 setilaiti SAS-3 ilirushwa kutoka jukwaa hilohilo, na katika kipindi hicho ikagunduliwa kwamba baadhi ya vyanzo hulipuka ghafla, hutulia, kisha hulipuka tena.

Kinacholipuka ni nyota ya nyutroni: upana wake ni kilometa 20 hivi, lakini uzito wake unazidi ule wa jua. Huvuta gesi kutoka kwa nyota jirani. Gesi hiyo huizunguka kama sahani, kisha hushuka na kurundikana juu yake. Ikishindiliwa vya kutosha, huwaka yote kwa mara moja kwa nguvu ya nyuklia.

Mwaka 1978, SAS-3 ilipokuwa ikikitazama chanzo kiitwacho MXB 1735-44, wataalamu nao walikielekezea darubini nchini Chile. Mlipuko mmoja ukanaswa na pande zote mbili: kwanza eksirei, kisha, baada ya sekunde zipatazo 3, mmweko wa mwanga wa kawaida. Kuchelewa huko kulifanana na mwangwi wa mtu apazaye sauti mbele ya mlima. Eksirei zilikuwa zimeifikia sahani ya gesi na kuipasha joto, nayo ikang'aa. Kwa kuwa mwanga husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde, sekunde hizo chache zilidokeza ukubwa wa sahani ambayo hakuna darubini iliyoweza kuiona.

Hapa Ipagala, usiku wa kiangazi, tazameni bila hofu ule mkanda mweupe wa nyota. Milipuko hiyo imo humo. Na mkiletewa habari ya kutisha kuhusu anga, ulizeni kwanza: shahidi wa pili ni nani, na saa zao zinapatana?