Gari Linapokosa Nguvu na Kurudiwa Nayo

Hakuna hitilafu inayomla mwenye gari pesa kama ile inayokuja na kuondoka. Unapanda mlima Kitonga, gari linakata pumzi, unakanyaga mafuta hadi chini na halina habari nawe. Kesho yake unalifikisha gereji likienda vizuri kabisa. Fundi hana cha kupima, kwa hiyo anabahatisha: leo plagi, wiki ijayo filta, mwisho wa mwezi koili. Spea zote hizo unalipa wewe.

Mwenye gari la gia za mkono ana nafuu asiyokuwa nayo mwenye otomatiki. Klachi ikishika, injini na magurudumu hufungana, na katika kila gia mwendo fulani una mizunguko yake isiyobadilika. Tuseme ukiwa gia ya tano, kilomita 80 kwa saa, mshale wa mizunguko husimama kwenye 2,500. Utasimama hapo hapo leo na mwakani, mlimani na bondeni, mradi klachi haitelezi na hujabadilisha saizi ya matairi. Isome namba ya gari lako siku likiwa halina tatizo, uiandike.

Litakapokosa nguvu tena, utazame mshale kabla ya kulaumu chochote. Ukiwa umepanda kuzidi namba yako ilhali mwendo hauongezeki, injini inafanya kazi yake, klachi ndiyo inayoteleza. Ukiwa pale unapostahili, au ukishuka sawasawa na mwendo, iache klachi, kosa liko kwenye injini.

Klachi iliyolika huanza kuteleza kwenye gia za juu, gari likiwa na mzigo, kwa sababu hapo ndipo inapobebeshwa nguvu nyingi. Mjini unaweza usione kitu kwa miezi. Sili ya nyuma ya krenkishafti ikivuja, oili huifikia sahani ya klachi, na kubadilisha sahani bila kugusa sili ni kulipia mara mbili kazi ya kushusha giaboksi. Lipo pia jambo linalosahaulika sana. Kwenye klachi inayotumia mafuta ya haidroliki, kitundu cha kuyarudishia mafuta ndani ya masta silinda kikiziba, mafuta hupata joto, hutanuka na kukosa pa kwenda, kisha huisukuma klachi kana kwamba mguu wako uko juu ya pedeli. Gari likipoa, ugonjwa umeisha. Kabla ya kununua sahani mpya, ibonyeze pedeli kwa mkono injini ikiwa moto: ikiwa haina ule mchezo mdogo wa mwanzo, anzia hapo.

Kosa likiwa la injini, ulizia namna nguvu inavyoondoka. Ikififia polepole mlimani, kisha ikarudi baada ya kusimama kidogo, shuku mafuta: filta iliyoziba, chujio la pampu lenye uchafu wa tenki, au pampu inayochoka ikipata joto. Presha ya mafuta ipimwe injini ikifanya kazi nzito, kwani injini ikiwa sailensi, bila kukanyagiwa mafuta, karibu kila pampu hufaulu.

Nguvu ikikatika kwa kushtuka-shtuka, gari likimisi, ni umeme: koili, plagi au waya zake. Taa ya injini ikipepesa wakati huo, punguza mwendo, maana petroli isiyoungua inaingia kwenye masega ya kusafishia moshi ndani ya eksozi na kuyaunguza.

Namna ya tatu ni gari kugoma ghafla kupita mwendo fulani, kisha ukizima na kuwasha linakuwa sawa. Magari mengi ya sasa hayana kebo ya mafuta. Pedeli ina sensa mbili, na zikipingana kompyuta hupunguza nguvu kwa usalama. Kodi za hitilafu za aina ya P2135 hutokana na mapingano kama hayo, ya sensa za pedeli au za throtoli. Mwambie fundi asizifute kabla ya kusoma kumbukumbu iliyohifadhiwa pamoja nazo: mwendo, mizunguko na joto la injini wakati kosa lilipotokea. Mimi humwamini fundi anayeuliza habari hizo kuliko mwenye mashine ya bei kubwa.

Vyote hivyo vikiwa safi, geukia masega yenyewe. Yakivunjika ndani, vipande huhama: leo vinaziba njia ya moshi, kesho vinaiachia. Mafundi wengi huyatoa na kuweka bomba tupu, tiba nisiyoipenda, kwani sensa iliyo nyuma yake huiwasha taa ya injini na moshi mchafu unabaki kwetu sote. Pima kwanza. Injini ikiwa imepoa, ligonge kopo la masega taratibu kwa nyundo ya mpira. Ukisikia vitu vikicheza ndani, hakuna haja ya kununua koili nyingine.