Expósito: Jina la ukoo lililoanzia mlangoni pa kanisa

MASHABIKI wa kandanda ya Uhispania wanalifahamu jina la Edu Expósito, kiungo aliyeichezea Eibar kabla ya kujiunga na Espanyol mwaka 2022. Wachache, hata hivyo, wanajua kwamba jina hilo la ukoo lilibebwa kwa karne kadhaa kama alama ya aibu, na kwamba serikali ya Uhispania ililazimika kutunga sheria ili wenye jina hilo wapate kulivua.

Neno lenyewe lina asili ya Kilatini, expositus, yaani kilichowekwa nje. Aliyewekwa nje ni mtoto mchanga. Mama aliyeshindwa kumlea mwanawe kwa sababu ya ufukara, au aliyeogopa fedheha ya kuzaa nje ya ndoa, alimwacha usiku kwenye mlango wa kanisa au wa nyumba ya watoto wa kuokotwa. Mjini Madrid nyumba hiyo iliitwa Inclusa, na ilianza katika karne ya 16. Nyumba nyingi za aina hiyo zilikuwa na kasha la duara lililojengwa ukutani, ambalo Wahispania huliita torno. Mama alimlaza mtoto ndani, akagonga kengele, kisha kasha likazungushwa hadi upande wa pili, ambako mtawa au mtumishi alimpokea. Hakuna aliyeuona uso wa mwenzake.

Baada ya hapo mtoto alibatizwa na kuandikishwa. Hapo ndipo ilipozuka tatizo. Kwa desturi ya Wahispania kila mtu huwa na majina mawili ya ukoo, moja la baba na jingine la mama, na mwanamke haliachi lake anapoolewa. Mtoto wa torno hakuwa na hata moja. Makarani wakamwandika Expósito, na neno lililokuwa maelezo tu ya hali yake likageuka kuwa jina alilowarithisha watoto na wajukuu waliozaliwa ndani ya ndoa halali. Kwingineko waliitwa de la Iglesia, yaani wa kanisa, au kupewa jina la mtakatifu wa siku hiyo. Huko Catalonia lilizuka jina Deulofeu, maana yake Mungu alimuumba. Wapenzi wa Ligi Kuu ya Uingereza watamkumbuka Gerard Deulofeu wa Everton na Watford. Si kwamba wachezaji hawa wana siri yoyote ya kuficha. Mwenye jina hili leo anaweza kutenganishwa na mtoto huyo wa kuokotwa kwa vizazi vingi.

Ni lazima isemwe kwamba waliobahatika kulirithisha jina hilo walikuwa wachache. Mayaya wa kunyonyesha hawakutosha, malipo yao yalichelewa, na katika karne ya 18 wengi wa watoto waliopokelewa Inclusa walifariki wakiwa wachanga.

Waliosalia walikabiliwa na ubaguzi. Mwaka 1794 Mfalme Carlos wa Nne alitoa amri kwamba watoto hao wahesabiwe kuwa halali mbele ya sheria, na wasizuiwe kushika kazi au nyadhifa kwa kisingizio cha asili yao. Yeyote atakayemwita mmoja wao mwanaharamu alitakiwa kuyameza maneno yake mbele ya hakimu na kutozwa faini. Waswahili walikwisha kusema kwamba kitanda hakizai haramu. Mfalme alilazimika kuliandika jambo hilo katika amri.

Jina lilivuka bahari pia. Mjini Buenos Aires, Vértiz, aliyetawala kwa niaba ya mfalme, alianzisha nyumba ya watoto hao mwaka 1779. Mwaka uliofuata mtambo wa uchapishaji ulioachwa na Wajesuti wa Córdoba uliletwa mjini humo ili mapato yake yagharimie malezi. Hivyo vitabu na matangazo ya awali ya mji huo yalitoka katika kiwanda kilichoitwa kwa jina la watoto waliotupwa. Nchini Italia jina hilo ni Esposito, nalo limeenea mno Napoli, ambako kasha la ukutani la Annunziata lilifungwa mwaka 1875.

Sheria ya Uhispania ya mwaka 1921 iliwaruhusu akina Expósito kubadilisha jina bila malipo. Baadhi walifanya hivyo, wengine walilishikilia. Argentina nayo ilijivunia ndugu wawili, Homero na Virgilio Expósito, mmoja mtunzi wa maneno na mwingine wa muziki wa tango.

Kanuni za usajili za mwaka 1958 hatimaye ziliwakataza makarani kumpachika mtoto jina Expósito, au jingine lolote linalofichua kwamba wazazi wake hawajulikani. Tangu hapo mtoto wa aina hiyo huandikishwa kwa majina ya kawaida, yale yale yanayobebwa na majirani zake.